Maswali na Majibu: Manifoldi ya Eksozi Inayopasuka Mahali Palepale

Swali: Assalaam aleikum, fundi. Nina lori la dizeli lenye turbo, nabeba chumvi kutoka Marereni hadi Mombasa. Manifoldi ya eksozi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye turbo, imepasuka kwenye shingo inayoshika turbo, mahali palepale ilipopasuka ile ya kwanza. Turbo ilipofunguliwa tuliona pia nyufa nyembamba ndani ya hausingi, lile ganda la turbo. Fundi wangu hapa Malindi asema vyuma vya siku hizi ni vibovu, tuchomelee tu. Nifanye nini?

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Vyuma vibovu vipo madukani, sikatai, lakini manifoldi mbili zikipasuka mahali pamoja, ni gari linalopaswa kuchunguzwa kabla ya kulaumu chuma. Ukifunga ya tatu bila kufanya hivyo, nayo itapasuka.

Chuma cha kusubu, kile ambacho mafundi hukiita kasti, hutanuka kinapopata moto. Manifoldi yenye urefu wa sentimita 60 ikifikia nyuzi 600 za Selsiasi hutaka kurefuka kwa takriban milimita 4, ilhali silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachoishikilia, kwa kuwa inapozwa na maji, hairefuki hata milimita moja. Boliti zikiibana isiteleze, chuma hujikandamiza chenyewe hadi kinafinyika kidogo na kubaki hivyo. Injini ikizimwa na kupoa, manifoldi hutaka kuwa fupi kuliko ilivyokuwa mwanzo, lakini boliti bado zimeishika, na sasa inavutwa. Kasti huvumilia sana kukandamizwa, ila haihimili kuvutwa. Ndiyo maana ufa mara nyingi hufunguka wakati wa kupoa, na ndiyo maana asubuhi unasikia tik-tik injini ikiwaka, kisha sauti inapotea chuma kinapopata moto na ufa kujifunga. Madereva wengi hudhani tatizo limeisha.

Kwa lori lako, mahali pa kwanza pa kutazama ni uzito. Ufa wa shingoni hunifanya niulize kama ile mikono ya chuma inayobeba turbo na bomba la moshi bado ipo. Mara nyingi hufunguliwa turbo inaposhushwa na hairudishwi, au kiungo laini cha bomba huwa kimekufa na fundi akaweka bomba gumu mahali pake, basi turbo na eksozi nzima zikabaki zinaning'inia kwenye shingo hiyo. Kwenye njia mbovu za kuingilia mashamba ya chumvi, kila shimo huipiga. Tazama pia ule mpasuko wenyewe kwenye manifoldi uliyoivua: sehemu ya ufa wa zamani itakuwa na masizi na kutu, na sehemu iliyokatika mwisho itakuwa ya kijivu yenye kung'aa. Sehemu nyeusi ikiwa kubwa, ufa ulikuwa ukitembea kwa muda mrefu kabla hujausikia.

Kisha pima uso wa manifoldi mpya na wa hedi kwa rula ya chuma na fila geji, vile visu vyembamba vya kupimia mwanya. Geji ya milimita 0.2 ikipita, mimi siifungi, ichongwe kwanza. Matundu ya boliti za mwisho hutengenezwa makubwa makusudi ili chuma kipate kuteleza, kwa hiyo yasizibwe kwa bushi (kipande cha bomba cha kubana tundu) wala boliti zisikazwe kupita kipimo. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Boliti za lori la chumvi hushika kutu haraka, na uzi wenye kutu huidanganya spana: kipimo kimefika lakini gasketi haijabanwa.

Joto lenyewe nalo lina sababu zake. Filta ya hewa iliyoziba, mpira wa turbo unaovuja, nozeli zinazomwaga dizeli, au pampu ya dizeli iliyoongezwa ili gari livute zaidi, yote huleta mafuta mengi kwa hewa chache, na moshi unatoka ukiwa na joto kupita kiasi. Baada ya kuvuta mzigo, acha injini isailensi, yaani ingurume polepole bila kukanyagwa mafuta, dakika mbili au tatu kabla ya kuzima, na tafadhali wakataze vijana wa kuosha magari kumwagia maji injini ikiwa bado moto.

Kuhusu hausingi, nyufa nyembamba kama unywele, zisizotokea nje, ni jambo la kawaida kwa turbo iliyofanya kazi, na watengenezaji wengi huzikubali kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu chao. Isitumike tena ikiwa ufa umetokeza nje, umefika uso wa kufungia, au umekata ule ukuta mwembamba unaoelekeza moshi kwenye feni ya turbo. Kipande kikimeguka pale kitaisaga feni. Ukuta huo usichomelewe kabisa.

Manifoldi inaweza kuchomelewa, lakini si kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea, kwa sababu huacha ukanda mgumu unaopasuka kando ya weldi. Vijiti viwe vya nikeli, ncha za ufa zitobolewe kwanza ili usiendelee, chuma kipashwe moto hadi nyuzi 300 hivi, weldi ipigwe vipande vifupi vinavyogongwagongwa kwa nyundo, kisha kifukiwe kwenye majivu makavu kipoe polepole. Hata hivyo, kwa shingo inayobeba turbo, mimi ningenunua mpya, ya kasti yenye silikoni na molibdeni, ambayo huhimili joto kuliko kasti ya kijivu.

Wakati unaitafuta, usilale ndani ya kabini injini ikiwa inanguruma. Moshi unaovuja kwenye ufa una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua.