Barua kwa mwanangu: noti mbili za gitaa na pauni 500

Mwanangu Salma,

Umeniuliza kama ni kweli vijana wa Uingereza waliopiga panki, ule muziki wa roki wa makelele wa miaka ya sabini, walikuwa hawajui kupiga vyombo. Mimi huanza na swali jingine: santuri ililipiwa na nani?

Chukua Spiral Scratch ya bendi ya Buzzcocks, ile santuri ndogo niliyokukataza kuishika kwa vidole vyenye mafuta. Tarehe 28 Desemba 1976 waliingia studio Manchester, fundi wao wa sauti akiwa Martin Hannett. Kurekodi kulichukua muda wa saa tatu, kuchanganya sauti muda wa saa mbili. Fedha ni pauni 500 za kukopa, nyingine kutoka kwa baba yake Pete Shelley, mpiga gitaa wao. Lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, New Hormones, waliianzisha wenyewe. Nakala 1,000 za kwanza zilitoka Januari 1977, zikaisha, wakachapisha tena.

Geuza jalada. Wameandika kila wimbo ulipigwa mara ngapi: "Breakdown" ni mara ya tatu, haukuongezwa kitu, zile tatu nyingine ni mara ya kwanza, kisha gitaa likaongezwa. Mpaka leo hilo hunifurahisha. Wamekuita jikoni wakafunua sufuria!

Na walibana. Inchi saba, mizunguko 45 kwa dakika, hubeba vizuri dakika nne hivi kila upande. Wao walitia nyimbo mbili kila upande, karibu dakika tano. Ukizidisha, mifereji husongamana, na fundi hulazimika kushusha sauti. Besi ikiwa nzito, sindano huruka. Karibu na katikati mfereji hupita polepole chini ya sindano, ndiyo maana "s" za mwimbaji hukwaruza. Wimbo wenye makelele uwe wa kwanza. Na usikose kusikiliza nakala za majaribio: kosa lililokwisha kuingia kwenye mhuri wa nikeli, bamba la kuchapia santuri, litajirudia katika kila santuri.

Haya, kupiga. John Maher, mpiga ngoma wao, alikuwa na miaka 16, na ngoma zake zimenyooka. Lakini solo ya gitaa ya "Boredom" ni noti mbili tu, zinarudi, zinarudi, hadi sikio linaomba ya tatu. Ni kutojua? Hapana. Au tuseme, hata kama ni kutojua, kuzing'ang'ania mbili muda wote ule kunataka moyo.

Kinachoniuma ni kwamba Howard Devoto, mwimbaji, aliondoka mara tu santuri ilipotoka, na Agosti waliobaki wakasaini na United Artists, kampuni kubwa ya santuri. Unajua ninavyosema siku zote: anayelipa ndiye anayeamua. Ningesema walikosea. Ila santuri za baadaye nazipenda mno, na bila kampuni kubwa huenda zisingetufikia. Basi, nakuachia wewe, ingawa ulimi unaniwasha.

Ukija Jumapili tutaanza na upande wa pili. Shika ukingoni.

Mama yako