Ukianza kazi kwenye tishali la Bourgogne, anza na kamba

Mdogo wangu unayekuja kuanza kazi msimu huu, najua unakesha ukikariri majina ya mvinyo. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilitoka Tanga, nimekulia kwenye mashua, nikaingia Bourgogne, jimbo la mvinyo huko Ufaransa, na daftari lililojaa Gevrey-Chambertin, Nuits-Saint-Georges, Meursault na Pommard. Wiki nzima ya kwanza hakuna aliyeniuliza hata jina moja. Nilichoulizwa kila siku, tena kwa sauti ya juu, ni kamba yangu iko wapi.

Matishali haya ambayo leo ni hoteli yalikuwa ya mizigo. Yalibeba nafaka, makaa, mchanga, na mvinyo wenyewe kwenye mapipa. Kipimo chake kinatokana na sheria ya mwaka 1879 ya waziri Freycinet, na ndiyo maana tishali lina upana wa mita 5.05 na ekluzi, chumba cha maji cha kupandishia na kushushia chombo, ina mita 5.20. Piga hesabu: zinabaki sentimita saba na nusu kila upande, na ndani ya chombo wageni wanakunywa kahawa.

Ekluzi ni chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma. Chombo kinaingia, milango inafungwa, maji yanajazwa au yanatolewa, nanyi mnapanda au kushuka kama mtu anayepanda ngazi. Mfereji wa Bourgogne una urefu wa kilomita 242, kutoka Migennes hadi Saint-Jean-de-Losne, na ekluzi 189: 113 upande wa mto Yonne na 76 upande wa Saône. Hesabu inaanzia juu kileleni, Pouilly-en-Auxois, ambako mfereji unapita chini ya kilima kwa zaidi ya kilomita tatu gizani. Ukiona herufi Y au S kwenye namba ya ekluzi, umeshajua uko upande gani wa kilima.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mnaposhuka, kamba usiipige fundo. Izungushe mara moja au mbili kwenye nguzo iliyo juu ya ukuta, ncha ibaki mkononi, na uilegeze kadiri maji yanavyoshuka. Mimi nilifunga fundo zuri kabisa, lile nililofundishwa na baba. Kwetu maji ya kupwa huchukua saa sita kuondoka. Ekluzi hupwa kwa dakika chache. Kamba ilikaza kama waya, chombo kikaanza kuning'inia upande mmoja, na nikasikia glasi zikiteleza kabatini moja baada ya nyingine. Mlinzi wa ekluzi alikimbia kufunga njia za maji, nahodha akaja na kisu. Hakuna aliyeumia, lakini ule mlio wa glasi sijausahau. Tangu siku ile kisu kiko kiunoni mwangu, na kamba haiondoki mkononi mpaka milango ifunguke.

Jambo la pili la kushuka: chini ya mlango wa nyuma kuna kizingiti cha mawe ambacho hukioni maji yakiwa yamejaa. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ikikalia pale, usukani unavunjika. Mwangalie nahodha, nawe simama mahali anapokuona. Na dapra, yaani mito ya kukinga ubavu wa chombo, ziwe tayari kabla hamjafika, si mnapogusa ukuta.

Mpishi naye anaishi kwa saa za ekluzi. Mayai ya meurette, yanayochemshwa bila ganda na kumwagiwa mchuzi wa divai nyekundu, hawezi kuyatoa wakati chombo kinagonga ukuta. Nyama ya bourguignon haina shida, inakaa jikoni saa nyingi kwa moto mdogo. Kwa hiyo asubuhi mwambie mpishi kuna ekluzi ngapi kabla ya chakula cha mchana. Atakupenda kwa hilo kuliko kwa majina ya mvinyo. Saa sita mchana walinzi wa ekluzi huenda kula, na mpaka saa saba hakuna mlango unaofunguliwa. Usilalamike. Ndiyo saa ambayo meza inatulia, na wageni wanakula bila kutikiswa.

Mlinzi msalimie kwanza. "Bonjour" kabla ya neno lolote, hata kama chombo kinasukumwa na upepo. Sisi tunaojua uzito wa salamu hatupaswi kufundishwa hili, lakini nimewaona vijana wetu wakisahau kwa sababu ya woga wa Kifaransa. Ile "bonjour" moja ndiyo itakayomfanya akuuzie nyanya za bustani yake.

Wageni wengi, na wewe pia labda, hufika wakidhani watapita katikati ya mizabibu. Kwenye mfereji huu wataona ng'ombe weupe wa Charolais, malisho, na ngome ya Châteauneuf juu ya kilima. Mizabibu maarufu haiko ukingoni. Mfereji unafuata bonde la mto Ouche kwa sababu unahitaji maji. Mzabibu unataka mteremko wa mawe ya chokaa unaotazama jua la asubuhi. Mteremko huo, Côte d'Or, uko ng'ambo ya vilima, na wageni tunawapeleka kwa gari dogo. Waeleze hili siku ya kwanza, tena kwa furaha, ili wasikae wakichungulia dirishani. Atakayetaka mizabibu karibu na maji yuko sahihi akichagua mfereji wa Centre, pale Santenay.

Ukipewa siku ya mapumziko, usilale. Chukua baiskeli ya chombo, mwombe dereva akushushe juu ya vilima, kisha ushuke polepole hadi Beaune. Tazama kuta. Bourgogne kila kipande cha shamba kina jina lake, wanakiita climat, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mzabibu wa pinot noir, zabibu nyeusi ya huku, upande huu wa ukuta na ule wa upande wa pili unafanana kabisa kwa macho, ila udongo na mteremko vimebadilika kidogo, na chupa ina jina jingine na bei nyingine. Ngazi za ubora ni nne: mvinyo wa jimbo, wa kijiji, premier cru, na juu kabisa grand cru. Shamba la Clos de Vougeot, lililoanzishwa na watawa wa Cistercian, lina hekta 50 hivi ndani ya ukuta mmoja, na wamiliki wake ni kama 80. Mgeni akikuuliza kwa nini chupa mbili za Clos de Vougeot hazifanani, hapo ndipo utakaposhukuru kwamba uliuona ukuta ule kwa macho yako.

Kwa mwenzangu asiyegusa pombe wala nguruwe, sema siku ya kwanza, usisubiri sahani ifike. Huku divai imo chunguni. Meurette na bourguignon vina divai na mara nyingi vipande vya nguruwe. Jambon persillé ni nguruwe mtupu na majani ya kitimiri. Hata jibini la Époisses husuguliwa kwa marc, pombe kali ya makapi ya zabibu. Gougères, vitumbua vya jibini vya kuokwa, havina kimoja wala kingine. Nimemjua mwenzetu aliyehudumia mvinyo misimu kadhaa bila kuonja tone. Alijifunza kwa pua na kwa kuuliza, na wageni walimwamini. Mpishi mzuri atakuheshimu ukimwambia mapema.

Hilo jibini la Époisses lina adabu zake. Lihifadhi ndani ya kisanduku chake, mbali na siagi, la sivyo asubuhi wageni watakula siagi yenye harufu ya zizi. Litoe saa mbili kabla ya kuandaliwa. Ukibonyeza ganda lake la rangi ya chungwa na kidole kikazama kidogo, liko tayari. Ukilikata linatiririka, na hapo kijiko ni bora kuliko kisu.

Kuhusu mkataba, nitasema kwa kifupi: uwe wa maandishi, uonyeshe saa za kazi na siku ya mapumziko, na kibali chako cha kufanya kazi kiwe mkononi kabla hujapanda. Msimu huanza Aprili na kuisha mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo sehemu za mfereji hufungwa kwa matengenezo, na vyombo vingi hulala Saint-Jean-de-Losne.

Ukiweza, usirudi nyumbani mara moja. Jumapili ya tatu ya Novemba kuna mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, hospitali ya maskini iliyoanzishwa na Nicolas Rolin mwaka 1443. Nenda mapema, utembee mitaani, halafu utoke nje ya mji hadi mashambani. Majani yameshaanguka, na utawaona watu wa kwanza wa kupogoa wameinama na mikasi yao. Salimia, kisha waombe wakuonyeshe tawi wanaloliacha na lile wanalolikata.