Kumkosoa kiongozi kuhusu korona: nitasemaje nisidhulumu?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mkazi wa Moshi, mpishi wa mlimani. Machi 2020 wageni walikatika, kazi ikaisha. Februari 2021 baba akafariki. Tukaambiwa ni "changamoto ya upumuaji", basi. Hadi leo nikisikia mtu anasifu namna serikali ilivyoshughulikia korona napandwa na hasira, nasema wale ni wauaji. Baba mdogo, ambaye ni balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu, anasema kumkosoa Hayati Magufuli ni haramu kwa kuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sasa hatusalimiani. Je, nakosea? Na kama inajuzu kukosoa, nikosoe vipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee na amkunjulie kaburi lake. Mtume (s.a.w.) amemhesabu anayekufa kwa tauni miongoni mwa mashahidi, nasi tunamtarajia mzee kheri hiyo.

Baba yako mdogo ameshika hadithi sahihi, ila ameivuta kupita mpaka wake. Mtume (s.a.w.) amesema, kwa maana yake, msiwatukane wafu, kwani wamekwisha fikia waliyoyatanguliza. Kilichokatazwa ni matusi. Uamuzi wa kiongozi ambao athari yake bado iko kwa walio hai unazungumzwa, na ungekuwa haramu kuuzungumza tusingekuwa na elimu ya hadithi. Wanazuoni wake waliwataja kwa majina wapokezi wa hadithi waliokwisha kufa: huyu mkweli lakini kumbukumbu yake iliharibika uzeeni, yule haaminiki. Ali bin al-Madini, mmoja wa wanazuoni hao, aliulizwa kuhusu baba yake mzazi. Akawaambia waulizeni wengine. Walipomng'ang'ania, akainamisha kichwa, kisha akasema: hii ni dini, baba yangu ni dhaifu, yaani katika kupokea hadithi. Hakumtukana babake wala hakumficha.

Sasa nije kwako. Neno "wauaji" sikuruhusu. Hilo ni ushahidi juu ya nia, na nia huijui. Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Msiba wako haukupi ruhusa ya kuongeza, kama mapenzi ya baba mdogo kwa serikali yasivyompa ruhusa ya kupunguza.

Basi sema unachokijua. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, akiwa hapa Arusha, siku moja tu baada ya kutua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Kesho yake shule zikafungwa. Hapo serikali ilisema wazi na ikatenda haraka. Ukiliruka hilo kwa sababu ya yaliyofuata, umepunja kipimo. Kutowafungia watu ndani nako kulikuwa na hoja yake: mama anayeuza ndizi Soko la Mbuyuni asipotoka leo, watoto hawali leo. Una haki ya kuona waliamua vibaya, lakini usiseme hawakuwa na la kusimamia. Na zile siku tatu za maombi za Aprili 2020 usizihesabu katika makosa. Dua haikumzuia mtu kunawa mikono.

Kwenye takwimu, mimi nakubaliana nawe. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ilifika wagonjwa 509 na vifo 21, ikasimama, na ukimya ukadumu zaidi ya mwaka mmoja. Lile lilikuwa kosa, nalisema bila kumung'unya maneno. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tukisikia tauni imeingia nchi fulani tusiiendee, na ikitupata tulipo tusitoke kuikimbia. Mja ataitii vipi amri hii kama khabari imezuiwa asiisikie?

Tazama alivyofanya khalifa wa pili, Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa njiani kwenda Sham (nchi ya Syria na jirani zake), akafika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake wakamwambia waziwazi kuwa maradhi yameingia. Hakuwakemea kwa kuleta khabari mbaya. Aliwaita Muhajirina, waliohamia Madina kutoka Makka, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kiquraishi, wakasema kwa kauli moja: rudi na watu. Akatangaza kurudi. Hapo Abu Ubayda, kamanda wa Sham, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Allah? Neno zito hilo kuambiwa khalifa mbele ya watu. Umar likamuuma, akasema laiti angelisema mwingine, si wewe. Kisha akamjibu kwa hoja: naam, tunakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Baadaye Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo, akaja na hiyo hadithi ya tauni, na Umar akamshukuru Allah.

Abu Ubayda aliukosoa uamuzi wenyewe. Hakusema Umar ni mwoga wala hana imani. Naye baadaye alikufa katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, na hatujapokea kwamba Umar alimtaja kwa ubaya kwa sababu ya siku ile.

Jingine, na hili ni gumu zaidi: kipimo kiwe kimoja. Chanjo zilizinduliwa Julai 28, 2021, Rais Samia akachanja hadharani. Ukiusifu uamuzi huo, nao uupime kwa mizani ileile: ulikuja lini, watu walielezwa nini, waliokuwa na hofu walijibiwa au walibezwa? Nimewaona wengi Arusha hii wakikosoa awamu moja kwa ukali na kuipa nyingine msamaha wa bure, na wengine kinyume chake. Wote wanaegemea upande tu.

Kuhusu mzee, kama unaamini alizembewa alikotibiwa, hilo ni dai mahususi. Andika tarehe, uliloliona kwa macho yako na uliloambiwa na nani, upeleke kwa uongozi wa hospitali. Usilichanganye na hasira ya siasa, maana litapotea humo.

Ama kutosalimiana, haijuzu Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Nenda kwa baba mdogo, yeye ndiye mzazi uliyebakiwa naye upande wa mzee. Mpe salamu, kisha mwambie: sitamtukana marehemu, lakini sitasema takwimu zilitolewa ilhali hazikutolewa. Nadhani kwa hilo atakuelewa.

Wallahu a'lam.