Raundi kwanza, nguvu baadaye

Juzi msomaji wa Kisauni kaniandikia: "Kaka, kila nikipiga mbizi na Bf 109E, ile ndege ya vita ya Kijerumani, kwenye simuleta (gemu ya kurusha ndege), injini inakufa. Nakosea wapi?" Swali lake limenitonesha kidonda.

Miaka sita nimerusha ndege za vita kwenye kompyuta, usiku kwa usiku, feni ikinipuliza, nikijiona rubani. Mwaka jana nikajichanga, nikalipia saa moja ya kuruka na mwalimu kwenye Cessna 182, ndege ndogo ya injini moja. Tukaruka kutoka Port Reitz, Likoni ikabaki nyuma, tukafuata pwani hadi juu ya miamba ya Diani. Mwalimu akaniambia nipande. Nikasukuma mkono wa nguvu mpaka mwisho, na propela bado nimeivuta kwenye raundi 2,200, yaani mizunguko kwa dakika. Akanidaka kifundo cha mkono. "Raundi kwanza! Nani kakufundisha hivyo?" Sikuwa na jibu. Hakunirudishia usukani mpaka tukatua. Inaniuma hadi leo, kwa sababu alikuwa na haki.

Tazama tuktuk ikishuka feri ya Likoni na kupanda ule mteremko. Dereva aking'ang'ania gia kubwa, injini inagonga na kutetemeka. Propela nayo ina gia zake. Mapanga yake, yale mabawa yanayozunguka, yakiwa na pembe ndogo, injini inazunguka haraka: hiyo ya kuondokea na kupandia. Pembe ikiongezwa, kila mzunguko unabeba hewa nyingi na raundi zinashuka: hiyo ya safari ndefu.

Lakini kwenye 182 mkono wa propela, ule wa buluu, hauchagui pembe. Unachagua raundi, kisha kidhibiti kinatumia presha ya oili kugeuza mapanga chenyewe ili raundi zibaki palepale, upande au ushuke. Miaka sita yote nilidhani nimeshika pembe!

Bf 109E ya mwanzo ni jambo jingine. Humo rubani aligeuza pembe mwenyewe kwa swichi ya umeme, akitazama kigeji chenye mishale kama saa ya ukutani. Ukipiga mbizi, upepo unaisukuma propela, raundi zinapaa, na usipoongeza pembe injini unaiua. Ndugu yangu wa Kisauni, kosa lako ndilo hilo, na gemu yako imesema kweli. Spitfire, ndege za vita za Waingereza, zilipata vidhibiti vya raundi kwa wingi kiangazi cha 1940, mafundi wa kampuni ya de Havilland wakizifuata viwanjani kuzibadilisha.

Gemu inapodanganya ni kwenye gharama. Ukiharibu injini unabonyeza kitufe, ndege mpya hiyo. Oili baridi haikusumbui. Kwenye ndege ya kweli, kabla ya kuruka, unavuta ule mkono wa buluu, raundi zinashuka, unaurudisha, ili oili yenye joto ifike kwenye kitovu cha propela.

Kwa hiyo jizoesheni, hata gemu isipowadai. Mkipanda, raundi kwanza, nguvu baadaye. Mkipunguza, nguvu kwanza, raundi baadaye. Propela ipeni mkono wake, msiiweke kwenye kibodi. Na macho yasitoke kwenye geji ya raundi. Wengi mnamwangalia adui tu, ndiyo maana mnaanguka.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mwalimu yuleyule. Kabla ya kuruka nikavuta ule wa buluu mara tatu bila kuambiwa. Juu ya Diani akasema, "Panda." Nikapandisha raundi, kisha nguvu. Usukani nilikuwa nao mpaka tukaiona tena Likoni.