Faili linafunguka, kuhifadhi linakataa

Julai, baridi imekaza, nilipanda gari kutoka Mbeya mjini hadi Mbozi, kwenye ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa. Mama mhasibu alinipokea mlangoni. "Mwanangu, karibu. Orodha ya malipo naifungua vizuri, nikitaka kuhifadhi inanikatalia. Wakulima wanasubiri hela zao."

Fundi aliyenitangulia alishapiga chmod -R 777, amri ya Linux ya kubadili ruhusa, kwenye folda nzima. Siku mbili mambo yakaenda, ya tatu yakarudi yale yale. Mafundi wenzangu, hiyo 777 nawaomba muiache. Inampa kila mwenye akaunti kwenye seva uwezo wa kufuta mahesabu ya watu, na faili litakalotengenezwa kesho linazaliwa na ruhusa zake lenyewe.

Nilikaa kwenye seva nikaandika ls -l, amri inayoonyesha ruhusa za mafaili. Faili lilisomeka -rwxr--r--, mwenyewe baraka, kikundi baraka. Jibu lilikuwa pale pale. Baada ya kistari, herufi tatu ni za mwenye faili, tatu za kikundi, tatu za watu wengine; r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha. Baraka, karani wake, anaandika; mama anasoma tu. Samba, programu inayoshirikisha mafaili ya seva kwenye kompyuta nyingine, usipoielekeza hutumia create mask (kikomo cha ruhusa za faili jipya) ya 0744, na sura yake ndiyo hiyo.

Nikaunda kikundi uhasibu, nikawaingiza wote wawili kwa usermod -aG. Hiyo a msiisahau: bila yake mtu anaondolewa kwenye vikundi vyake vingine vya ziada. Folda yote nikaihamishia kikundi hicho kwa chgrp -R, kisha kwa find nikazipa folda 2775 na mafaili 664, yaani mwenyewe na kikundi wanaandika, wengine wanasoma tu. Ile 2 ya mbele ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana kila kinachozaliwa ndani ya folda kinarithi kikundi cha folda, hata kitengenezwe na nani. Kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, nikaweka create mask = 0664 na directory mask = 2775, nikahakiki kwa testparm, nikaisomesha Samba mipangilio mipya bila kuizima ili wengine wasikatiwe kazi.

Mama akajaribu. Bado! Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye 777. Kumbe kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na seva tangu asubuhi, kabla sijamwingiza kwenye kikundi, na seva ilikuwa inamtambua kwa vikundi vile vya asubuhi. Nikamwomba atoke kwenye akaunti aingie upya. Akahifadhi, akafunga, akafungua tena kuhakikisha, ndipo akanyoosha mkono kuchukua simu awapigie wakulima.

Kama kwako faili halifunguki kabisa, piga namei -l ukitaja njia nzima ya faili. Kila folda njiani inahitaji x, ambayo kwa folda ni ruhusa ya kupita. Moja tu ikikosa, huvuki, hata faili lenyewe liwe wazi kiasi gani. Na kama unatumia NFS, njia nyingine ya kushirikisha mafaili kati ya mashine, kwa mipangilio yake ya kawaida, linganisha namba za mtumiaji kwa amri ya id kwenye mashine zote mbili: mtumiaji neema mwenye namba 1001 hapa anaweza kuwa mtu mwingine kabisa kule.