Bingwa wa Gofu Anafundishwa Nini Tena?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi gofu naangalia kwenye simu tu, fimbo yenyewe sijawahi kushika. Kinachonishangaza, hawa jamaa wana makombe kibao na hela za kutosha, lakini wakifanya mazoezi lazima kuna mzee kasimama pembeni, kakunja mikono, anawaangalia. Na huyo mzee ukimwingiza uwanjani anafungwa mapema tu. Sasa anamfundisha nini bingwa? Au ni ulaji?

JIBU: Marahaba. Ulaji upo, sikatai. Ila shida ya gofu ni kwamba mpigaji hajioni, fimbo inapanda na kushuka hata sekunde mbili hazifiki na mwili unamdanganya, anahisi kapiga kama jana kumbe bega limeshahama. Huyo mzee wa pembeni ni macho.

Mchukue Jack Nicklaus, mwenye mataji 18 ya yale mashindano manne makubwa ya gofu, hamna aliyeyafikia mpaka leo. Alianza na Jack Grout mwaka 1950 pale klabu ya Scioto, Columbus, Ohio, akiwa na miaka 10. Hata alipokuwa bingwa bado kila mwaka anarudi kwa yuleyule mzee, anataka afundishwe upya kama vile hajawahi kucheza: kushika fimbo, kusimama, kutuliza kichwa. Hapo kwenye kichwa ndo kuna kichekesho, maana dogo alikuwa anakichezesha sana wakati wa kupiga, Grout akamwambia msaidizi wake amshike nywele, yaani ukisogeza kichwa nywele zinavutwa. Nicklaus mwenyewe kasimulia kwamba machozi yalimtoka. Siku hizi ungeitiwa polisi, lakini kichwa kilitulia.

Ila kwangu mimi mwalimu wa walimu ni Harvey Penick wa Austin, Texas. Alianza kama kedi, yaani mbeba begi la fimbo, kwenye klabu ya pale akiwa mtoto, akaja kuwa mwalimu mkuu wa klabu ileile toka 1923 hadi 1971. Mikononi mwake walipita watoto wawili kwa wakati mmoja, Tom Kite na Ben Crenshaw, na hawakufanana kabisa. Kite ni wa mazoezi, ukimwachia mipira atapiga mpaka giza liingie. Crenshaw yeye kipaji, anataka kucheza tu. Mwingine angewapanga mstari mmoja awape somo moja, Penick alikataa hata mmoja asimwangalie mwenzie akifundishwa, maana dawa ya huyu ingekuwa sumu kwa yule. Kite akaja kuchukua US Open 1992, Crenshaw akachukua Masters 1984, yote mawili ni kati ya yale manne makubwa.

Halafu ikaja 1995. Crenshaw ana miaka 43, hali yake mbaya, mipira haiingii shimoni. Akaenda kwa mzee, mzee ana miaka 90, kalala kitandani, na hapohapo kitandani akamfundisha kusukuma mpira shimoni. Jumapili ya tarehe 2 Aprili mzee akafariki. Jumatano Crenshaw na Kite wakasafiri kwenda kumzika, Crenshaw akiwa mmoja wa waliobeba jeneza, wakarudi Augusta, Georgia, inakochezwa Masters, kwa sababu inaanza kesho yake. Jumapili iliyofuata Crenshaw ni bingwa, kamshinda Davis Love III kwa mkwaju mmoja (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo mshindi), na baba yake Love naye alikuwa mwanafunzi wa Penick, sasa unaweza kusema mzee alishika nafasi ya kwanza na ya pili. Sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye begi, Crenshaw akasema yeye siku ile alikuwa na ya 15, ndo Harvey. Na tusimsahau kedi wake, Carl Jackson, ambaye wiki ileile alimwambia arudishe mpira nyuma kidogo anaposimama na azungushe mabega zaidi. Basi. Maneno mawili.

SWALI: Mbona wachezaji wa gofu wamenuna muda wote? Hawajui utani?

JIBU: Umewakuta kwenye shimo la 18, la mwisho, bana, pale hata mimi ningenuna. Lee Trevino alikuwa anaongea kuanzia shimo la kwanza mpaka la mwisho. Mwaka 1971 kwenye uwanja wa Merion, kabla ya mechi ya kuamua bingwa wa US Open, alitoa nyoka wa mpira kwenye begi akamrushia Nicklaus, na Nicklaus mwenyewe ndo aliyeomba amrushie amwone! Trevino akashinda kwa mikwaju 68, Nicklaus 71. Mwaka 1975 radi ikampiga uwanjani karibu na Chicago, mgongo ukaharibika hadi upasuaji, na bado akaitengenezea utani: radi ikianza, inua aini namba 1 juu, maana hata Mungu hawezi kuipiga. (Ni fimbo ya chuma, ngumu kweli kupigia, siku hizi wengi hawaibebi.)

Tommy Bolt, bingwa wa US Open 1958, alisifika kwa kutupa fimbo akikasirika. Ushauri wake kwa vijana: itupe mbele unakoelekea, utaiokota ukipita. Naye Mhispania Seve Ballesteros kule Augusta aliwahi kusukuma mara nne kwenye shimo moja, waandishi wakataka maelezo, akajibu nimekosa, nimekosa, nimekosa, nimeingiza. Ripoti imekamilika.

SWALI: Kuna bingwa ambaye hajawahi kuwa na kocha?

JIBU: Yupo. Bubba Watson alichukua Masters 2012 na 2014 bila kupata somo rasmi hata moja. Ukimwona anavyopiga utaamini, miguu inacheza dansi. Lakini kutokuwa na kocha sio kukosa mtu wa kukushika mkono, angalia Wahispania wale wawili. Seve hakuwa kocha wa José María Olazábal, alikuwa kaka tu wa kwenye mchezo, kwenye Ryder Cup, timu ya Ulaya dhidi ya Marekani, walicheza pamoja mechi 15 wakapoteza 2. Masters ya 1994 Olazábal akakuta kikaratasi cha Seve kwenye kabati lake: kuwa mvumilivu, uwanja huu unaujua, waache wengine wahangaike, wewe ndo bora duniani. Hakuna neno hata moja la namna ya kushika fimbo. Olazábal alishinda kwa mikwaju miwili.