Wadogo zangu wa lifti ya anga, 35,786 haianzii katikati ya Dunia

Wiki hii nimepokea vijana wanne wa mafunzo kwa vitendo, na wote wanne projekti yao ya mwaka wa mwisho ni lifti ya anga, yaani kamba ya kupandia kutoka ardhini mpaka kwenye setilaiti bila roketi. Nilifurahi sana. Kazi yangu ni lifti za majengo, Posta mpaka Upanga, na karibu kila mwaka anatokea mmoja anayetoka kwenye shimo la lifti, grisi mpaka kwenye viwiko, akiniuliza kama waya ule unaweza kufika kwenye setilaiti. Sina swali ninalolipenda kuliko hilo. Lakini Jumatano nilifungua jedwali lao nikakuta kosa nililolifanya mimi nikiwa na umri wao, nambari ileile, mpaka desimali ya tatu. Hapo subira ikaniisha. Nawaandikia ninyi wanne, na wengine wote mtakaochagua projekti hii.

1. Msichore mnara. Kila mwaka naletewa picha ya kitu kinene chini na chembamba juu. Hilo ni wazo la Tsiolkovsky, mwanasayansi wa Urusi, la mwaka 1895, alipouona mnara wa Eiffel akawaza mwingine wa kufika angani. Mnara unasimama kwa miguu yake, na uzito wote unashuka chini. Lifti mnayoifanyia hesabu ni ya Artsutanov, Mrusi aliyeandika mwaka 1960: kamba inashushwa kutoka juu, nyingine inanyooshwa kwenda nje zaidi kuisawazisha, na kitu chote kinaning'inia. Kwa hiyo wembamba uko chini, unene mkubwa uko kwenye obiti tuli, kule setilaiti zinapozunguka sambamba na Dunia na dishi la king'amuzi halihitaji kugeuzwa. Mkichora kinyume, msimamizi atajua kabla hamjafungua mdomo.

2. Kilimanjaro tunaipenda wote, lakini haiwasaidii. Mita 5,895 katika kilomita 35,786 za kufika obiti tuli mnazipunguza wapi? Tena mlima uko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Jambo linaloamua mahali pa kufungia kamba ni dhoruba na radi, na mashariki mwa Kongo, palipo karibu na Ikweta kabisa, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Ndiyo maana Bradley Edwards, mwanafizikia wa Marekani, katika utafiti wake wa lifti ya anga wa miaka ya 2000, alipendelea jukwaa linaloelea katika Pasifiki: linaweza kusogea, na likisogea, kamba inakwepa vyuma chakavu vya angani.

3. Kupanda juu si kuingia kwenye obiti. Kijana mmoja aliniambia abiria akifika kilomita 400 ataelea kama wanaanga. Hataelea. Pale uvutano bado ni karibu asilimia 89 ya huu wa Kariakoo. Kamba inakupa mwendo wa mita 494 kwa sekunde, na obiti ya kimo hicho inadai kilomita 7.67 kwa sekunde. Ukiachia mkono unaanguka. Mpaka karibu kilomita 23,400 ukiachia utarudi kuipiga Dunia. Andikeni hilo ukurasa wa kwanza.

4. Hesabu ya kamba kwanza, mengine yote baadaye. Msianze na leza za kupelekea kibanda umeme, msianze na rangi ya kibanda cha abiria. Kuibeba kamba kutoka ardhini mpaka obiti tuli, ukishatoa msaada wa mzunguko wa Dunia, kunadai megajuli 48.4 kwa kila kilo. Yaani ni sawa na kamba ya kilomita 4,940 iliyoning'inizwa kwenye uvutano wa hapa chini. Chuma kizuri cha gigapaskali 2 (kipimo cha mvuto ambao kitu kinastahimili kabla ya kukatika) kinakatika kwa uzito wake chenyewe kikifika kilomita 26.

Mtaniambia tuinenepeshe kamba kadiri inavyopanda. Sawa, ndivyo alivyoandika Pearson, mhandisi wa Marekani, mwaka 1975, na uwiano wa unene, yaani kamba ya kwenye obiti tuli ni nene mara ngapi ya ile ya chini, unakua kwa kipeo. Kwa chuma hicho mnapata 1 ikifuatwa na sifuri zaidi ya 80. Kwa Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi, ni takriban milioni 250. Kwa nanotyubu za kaboni, vijibomba vyembamba mno vya atomu za kaboni, mkichukua gigapaskali 100 za kwenye nadharia na fakta ya usalama ya 2, yaani kamba iwe na nguvu mara 2 ya mzigo wake, mnapata 3.5 tu, na hapo ndipo kila mtu anasimama kushangilia. Naelewa, na mimi nilishangilia. Lakini sisi wa lifti za majengo waya tunaupigia fakta ya 12, maana kuna mama na mtoto ndani. Wekeni 12 kwenye nanotyubu hizohizo muone: 3.5 inakuwa karibu 1,900. Halafu kumbukeni kwamba mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walipokuza nanotyubu moja ya nusu mita, ilikuwa habari kubwa. Ninyi mnataka kilomita laki moja isiyo na atomu iliyokaa vibaya. Sisemi haiwezekani. Nasema pengo liko hapo, na projekti yenu iseme liko hapo.

5. Hiyo 35,786. Hapa naomba mnivumilie.

Obiti tuli iko kilomita 35,786 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya uvutano inataka umbali kutoka katikati ya Dunia, kwa hiyo mnaongeza 6,378 na kupata 42,164. Mimi sikuongeza. Niliiingiza 35,786 kama ilivyo, nikajaza jedwali lote. Mstari wa mwisho ulikuwa wa steshi ya juu, mahali ambapo uvutano na kani ya mzunguko lazima zilingane. Uvutano ukatoka 0.311, mzunguko ukatoka 0.190, zote kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Zilipishana kwa 0.121.

Nililiona pengo hilo. Wadogo zangu, nililiona siku tisa kabla ya kuwasilisha. Nikapiga hesabu ya unene upya, nikakuta jibu la mwisho halisogei hata kwa asilimia moja, kwa sababu kazi kubwa ya kamba iko karibu na Dunia. Nikajiambia basi, si kitu. Nikaongeza safu moja kwenye jedwali, nikaiita «kani ya marekebisho», nikaandika 0.121, na steshi yangu ikasoma sifuri.

Tulikuwa wawili katika projekti ile. Mwenzangu, dada wa Tanga, alilipitia jedwali usiku bwenini, asubuhi akanifuata kantini. Aliniambia, «Kaka, hii sifuri haikuja yenyewe, umeileta wewe.» Nilimjibu kwa ukali kwamba hesabu ni sehemu yangu na slaidi ni zake. Hakusema tena. Mpaka leo naikumbuka sahani ya maharage iliyokuwa mbele yake, hakuigusa.

Siku ya kuwasilisha mtahini mmoja mzee, mpole sana, aliuliza swali moja tu: «Mwanangu, mtu akiwa nje ya dirisha la steshi yako akaliachia jiwe, litakwenda wapi?» Nilisema litabaki palepale. Akaomba nifute ile safu ya marekebisho, kisha nimjibu tena. Nikafuta. Jiwe likaanguka, na steshi ikaanguka nalo. Wala hakupandisha sauti. Aliuliza kani ile inatoka kwenye kitu gani, na mimi nilisimama kimya mbele ya darasa zima.

Tulirudia projekti wote wawili. Mimi nilikuwa na nyumbani pa kukaa, Mbagala. Yeye bumu lilikata, akarudi Tanga kwa mwaka mzima, na nafasi ya kazi aliyoahidiwa Dodoma ikachukuliwa na mwingine. Sapu ya kosa langu aliilipa yeye zaidi yangu. Kama ningeiacha ile 0.121 ionekane, mtu yeyote angeuliza imetoka wapi, na kwa dakika tano tungeikuta 6,378 iliyosahaulika. Ilinichukua miaka sita kumpigia simu kumwomba radhi.

6. Ya haraka haraka. Kibanda kinapopanda kinaisukuma kamba magharibi, msilisahau. Kwa kilomita 200 kwa saa, safari ya obiti tuli ni siku saba na nusu, na katikati mnapita mikanda ya mionzi ya Van Allen, kwa hiyo abiria si mzigo wa saruji. Oksijeni ya atomu moja moja inakula kaboni ya kamba kwenye kimo cha kilomita mia chache. Msidese jedwali la kaka zenu wa mwaka jana, nalijua. Na msome kamba zilizokwisha kwenda angani: ile ya mwaka 1996 iliyofunguliwa kutoka chombo cha anga cha Marekani, Columbia, ilikatika ikiwa na karibu kilomita 20, umeme ulipopenya kwenye dosari ndogo ya ganda lake. Ganda tu, wala si nguvu ya kamba.

Alhamisi wale wanne walikaa karakana mpaka giza. Waligombana kidogo kuhusu nani alipaswa kuongeza 6,378, kisha binti wa kundi akachukua kompyuta akajaza upya. Mstari wa mwisho: 0.224 na 0.224. Hakuna safu ya ziada.

Nililipiga picha nikamtumia dada wa Tanga, siku hizi yuko Mwanza, msimamizi wa madaraja. Alijibu baada ya saa moja: «Wameweka fakta ya usalama ngapi?»

Wameweka 2. Jumatatu tunaanzia hapo.